Hivi waandishi wa World of Warcraft wanaipendelea Horde, au ni macho yangu?

#1 Mwana wa Shangani

Habari za jioni wadau. Najua humu tumezoea mpira, bei ya korosho na barabara, ila najua pia tupo wachache wa Mtwara na Lindi tunaokesha na World of Warcraft, gemu ya mtandaoni yenye pande mbili zinazopigana, Alliance na Horde. Nina jambo linaniuma miaka mingi, leo nalitoa.

Mimi ni Alliance, kabila la Night Elf, tangu mwisho wa 2010, toleo la Cataclysm ndiyo kwanza limetoka. Nilianzia kwenye kompyuta ya kaka yangu hapahapa Shangani. Tangu siku ile nikihesabu nani anapewa hadithi na nani anapewa msiba, jibu halibadiliki. Wao hadithi, sisi msiba.

Cataclysm yenyewe: mji wetu wa Southshore tumeukuta umemwagiwa tauni na Forsaken, wafu waliofufuka wa Horde, Hillsbrad yote imekwenda kwa Horde. Gilneas, taifa lililojiunga nasi toleo hilohilo, unaanza kulicheza na kulikimbia ndani ya saa chache. 2012 mji wetu wa Theramore ukapigwa bomu, likabaki shimo. 2018 Teldrassil, kwao Night Elf, ikachomwa na Sylvanas, mkuu wa Horde. Mti mzima, na mji wa Darnassus juu yake.

Na msiniambie vita ni vita, hilo nalijua. Usiku ule wa Teldrassil nilikuwa ndani ya Darnassus natoa watu kwenye moto. Misheni ile muda wake umebanwa kiasi kwamba huwezi kuwaokoa wote hata ungekuwa na mikono kumi. Nilipomaliza nilikaa kimya mbele ya kioo cha kompyuta kama dakika ishirini. Nikasema sawa, sasa inakuja hadithi ya wafiwa. Hadithi iliyokuja ni ya Saurfang, mzee wa Horde, jinsi moyo unavyomsuta kwa heshima iliyochafuka. Filamu nzuri kabisa zikatengenezwa kwa ajili yake. Sisi tuliochomewa nyumba tukawa sababu ya majuto ya mtu mwingine.

Nauliza kwa dhati: ni upendeleo, au kuna maelezo mengine?

#2 Korosho Ghafi

Nimeweka mkeka hapa mbele, uzi mtamu.

Mkuu, hilo jina lenyewe lina mkosi. 2020 Alliance ya Mwanza ilishuka daraja msimu mmoja na Ndanda yetu.

#3 Binti Mikindani

Mleta uzi umeandika vizuri, lakini umeruka mengi. Mimi ni Horde, Troll, na nina masahihisho.

Umesema Cataclysm. Toleo hilohilo Alliance waliichoma Camp Taurajo. Unaikumbuka? Watauren, kabila la Horde, waliokuwa wanaishi pale hawakuwa jeshi. Baada ya hapo Mulgore, nchi yao, ikajengewa lango kubwa na kufungwa kwa hofu.

Umesema 2018. Mwaka huohuo tuliipoteza Undercity, mji wa Forsaken. Januari 2019 Alliance wakaingia Dazar'alor, mji wa Matroll wa Zandalar walioungana nasi, na mfalme wao Rastakhan akafa.

Tena hili kubwa kuliko yote: Horde tumepelekwa kumpiga mkuu wetu wenyewe mara mbili. Garrosh 2013, Sylvanas 2021. Wote wawili walikuwa Warchief, yaani mkuu wa Horde, wote wawili wakaishia kuwa bosi wa mwisho wa reidi, vita ya kundi kubwa la wachezaji. Nitajie mfalme wa Stormwind, mji mkuu wenu, aliyefanyiwa hivyo. Kama huku ndiko kupendelewa, njoo tubadilishane, nakupa nafasi yangu leo.

#4 Mwana wa Shangani

Ahsante dada kwa Taurajo, kweli niliiruka, na nakiri sikuwahi kuiona kwa upande wenu.

Ila Undercity siikubali. Sisi tulikuja kuizingira, aliyeimwagia tauni ni Sylvanas mwenyewe ili tusiipate. Mtu akichoma nyumba yake huwezi kuandika kwenye daftari langu. Taurajo nayo ilikuwa kambi, Theramore ilikuwa mji wa bandari. Sisi watu wa Mtwara tunajua tofauti ya mji wenye bandari na kituo cha njiani.

#5 Binti Mikindani

Kwa aliyezaliwa pale si kituo cha njiani, kaka.

Halafu tazama jenerali wenu wa Taurajo, Hawthorne. Aliandikiwa huruma: aliacha upenyo kwenye mstari wa askari ili raia wakimbie. Wa kwetu kule Theramore akaandikiwa bomu. Nani hapo kapendelewa?

#6 Fundi Ligula

Nimesoma #1 mpaka #5. Mnatafuta sababu mbali, mimi naiona karibu. Chris Metzen, mmoja wa waliobuni dunia hii tangu miaka ya tisini, ndiye sauti ya Thrall, Warchief wa zamani. Ukimpa mhusika sauti yako mwenyewe utamwachia? Cataclysm Thrall yupo kila kona, hadi harusi yake tumeisindikiza.

Ongezeni na BlizzCon 2011, tamasha la Blizzard, kampuni ya gemu hii. Ilionyeshwa video ya mwimbaji wa muziki mzito, shabiki wa Horde, akiwatukana Alliance, na mkuu wa kampuni wakati ule, Mike Morhaime, akaandika kuomba radhi. Video kama ile inapitaje mpaka jukwaani kama ndani ya jengo hakuna kambi?

#7 Binti Mikindani

Fundi, Metzen huyohuyo ndiye sauti ya Varian Wrynn, mfalme wa Alliance. Kwa hoja yako basi alijipendelea pande zote mbili.

#8 Fundi Ligula

Varian hilo limenipita dada, nalifuta. La BlizzCon nalibakiza.

#9 Mwalimu wa Fasihi, Ndanda

Salaam. Nimeanza kucheza kwa sababu ya wanafunzi wangu, nikabaki kwa sababu ya hadithi. Niruhusuni nitumie maneno ya darasani.

Tunafundisha kwamba kuna mhusika bapa na mhusika duara. Bapa ni yule yule mwanzo mpaka mwisho, mwema ni mwema. Duara hubadilika, hukosea, hujirudi, huanguka. Sasa pangeni viongozi wa pande mbili. Thrall alikuwa mtumwa, akawa mkombozi, akachoka, akaacha kiti, akaja kujilaumu kwa aliyemwachia. Garrosh alianza kijana anayeona aibu kwa ajili ya baba yake, akaishia dhalimu. Sylvanas aliuawa akitetea nchi yake, akafufuliwa kwa nguvu, na yaliyofuata mnayajua. Saurfang ni duara kamili.

Upande wa pili? Varian alikuwa na hasira akajifunza subira, huyo nampa nusu duara. Anduin, mwana wa Varian, miaka mingi alikuwa kijana mwema tu, mpaka toleo la Shadowlands lilipomvunja. Velen, nabii, mwema. Genn, aliyekuwa mfalme wa Gilneas, ana hasira ileile tangu ianguke. Tyrande, kiongozi wa Night Elf, walimpa moto mkubwa baada ya Teldrassil, wakauzima kabla haujaunguza kitu.

Chanzo chake nakiona kwenye kiti. Kiti cha Warchief kiligombewa. Ndani ya miaka sita kilikaliwa na wanne: Thrall, Garrosh 2010, Vol'jin 2013, Sylvanas 2016. Kisha kikafutwa kabisa, likaja baraza. Stormwind baba alikufa 2016, mtoto akarithi, basi. Mgogoro unakaa penye kiti kinachogombewa, na mwandishi hufuata mgogoro kama nzi afuatavyo embe. Simwoni mtu aliyekaa Irvine kule California, makao ya Blizzard, akisema leo tuwaonee Alliance. Namwona mwandishi aliyechoka anayekimbilia mahali hadithi inapojiandika.

#10 Korosho Ghafi

Mwalimu umeshusha nondo. Naomba maksi ya kuhudhuria.

#11 Nangurukuru

Samahani nawatoa nje kidogo. Mimi niko barabarani hapa, njia panda ya Kilwa. Natamani sana kuanza hii gemu. Mnalipaje, na mtandao unatosha? Nilidhani ni ya watu wa Ulaya tu.

#12 Fundi Ligula

Karibu mkuu. Mpaka levo 20 unacheza bure, anzia hapo uone kama kompyuta yako inaibeba. Baada ya hapo ni kama dola 15 kwa mwezi, wengi hapa tunalipa kwa kadi ya mtandaoni. Ukishakuwa na dhahabu nyingi ndani ya gemu unaweza kununua tokeni sokoni, ikakulipia mwezi.

Kupakua ndiyo kazi. Usijaribu kwa bando la mchana, utalia. Mimi wateja wangu nawawekea kwenye diski ya nje pale kwenye banda langu, wanakwenda kumalizia masasisho tu nyumbani. Kucheza kwenyewe kunakula bando kidogo kuliko kuangalia video. Seva ni za Ulaya, kuganda kupo, unazoea. Reidi za saa mbili usiku kwao, wakati wa baridi yao, kwetu ni saa nne. Na uwe na betri inayokaa. Umeme ukikatika katikati ya bosi, wenzako kumi na tisa hawatakuelewa.

#13 Babu wa Newala

Wajukuu, mimi sichezi. Mjukuu wangu anacheza, mimi nakaa nyuma yake nauliza maswali mpaka ananikasirikia. Lakini swali la huyu kijana wa Shangani nalijua tangu nikiwa mdogo.

Bibi yangu alikuwa mtambaji. Jioni tukishabangua korosho tunakaa, anatupa hadithi za sungura na fisi. Sungura anashinda. Kesho tena, sungura anashinda. Mimi nilikuwa namwonea fisi huruma. Ana njaa, anadanganywa, anapigwa, anaachwa shimoni. Siku moja nikamwuliza: bibi, kwa nini usimwache fisi ashinde hata mara moja tu? Akaniambia: jana nilipomaliza, ni nani aliyesema "bibi, nyingine"? Ni nyie. Nilimpa fisi ushindi mwaka juzi, mkalala.

Kwa hiyo naona mwalimu amesema kweli, ila amemtazama mtambaji peke yake. Watazameni na wanaosikiliza. Wanaosema "nyingine" ni akina nani kwenye gemu yenu?

#14 Korosho Ghafi

Shikamoo babu. Sasa tuambie, hapo sungura ni nani na fisi ni nani?

#15 Babu wa Newala

Marahaba. Hilo mjukuu wangu na mimi hatujakubaliana. Yeye ni Horde, anasema fisi ni wao.

#16 Mwana wa Shangani

Shikamoo babu, na umpe salamu mjukuu. Mwambie fisi ni sisi. Fisi ndiye anayeachwa shimoni.

#17 Binti Mikindani

Fisi ndiye anayefanywa mlafi na mjinga ili mwenzake aonekane ana akili. Garrosh ni fisi. Sylvanas wa mwisho ni fisi. Mjukuu yuko sahihi.

#18 Fundi Ligula

Babu ameuliza nani wanasema "nyingine". Jibu lake lipo. Kwa miaka mingi vikundi vikubwa vya reidi vilikuwa Horde, kwa sababu vipaji vya asili vya makabila ya Horde vilisaidia zaidi kwenye mapigano. Mashindano ya dunia ya kumaliza reidi kwanza, wengi Horde. Wanaotazamwa, wanaosikika, wanaolalamika kwa sauti, Horde. Kampuni inasikia sauti iliyo karibu na sikio. Hali ilianza kulegea Mei 2022 waliporuhusu Alliance na Horde kuingia kundi moja.

#19 Mchinga Mbili

Fundi, kipaji cha Troll cha kupiga haraka kinahusianaje na kuchomwa kwa Teldrassil? Vikundi vya mashindano wanaruka video zote. Hao hadithi hawaijui kabisa. Nimekaa na kundi moja mwaka mzima, hakuna aliyejua Rastakhan ni mfalme wa wapi.

Mimi nina wahusika pande zote mbili, na hesabu yangu ni tofauti na ya mleta uzi. Yeye amehesabu misiba, mimi nahesabu matoleo. Warlords of Draenor, 2014, ni la maork kuanzia jina mpaka udongo, Alliance tulibaki na shujaa mmoja, Yrel. Legion, 2016, likageuka la Alliance: Velen, Turalyon, Alleria, Anduin analia juu ya upanga wa baba yake. Vol'jin alikufa palepale mwanzoni, kiti hajakipasha joto. Battle for Azeroth, 2018, wote tulilia. Dragonflight, 2022, ugomvi wenyewe uliwekwa kando. Aliyeanza 2010 kama mleta uzi alipokelewa na Cataclysm, basi ndiyo kipimo chake. Rafiki yangu wa Nachingwea alianza na Legion kama Horde, na anaapa mpaka leo kwamba gemu ni ya Alliance.

Na ukirudi nyuma kabisa, Warcraft ya kwanza, 1994, Stormwind ilianguka mikononi mwa maork. Ya pili, 1995, Alliance wakashinda. Hii bembea ni ya zamani.

#20 Mwana wa Shangani

#19 nakuelewa, na hilo la toleo la kwanza kuwa kipimo limenigusa. Lakini niruhusu kitu kimoja tu, Orgrimmar.

2013 tuliingia mji mkuu wa Horde. Tukamshusha Garrosh, tukisaidiwa na waasi wa Horde wenyewe wakiongozwa na Vol'jin. Varian amesimama katikati ya mji wa adui na jeshi lake. Halafu? Akawaonya kwamba wakirudia atawamaliza, tukaondoka. Hatukubaki na jiwe moja. Miaka mitano baadaye Teldrassil inawaka. Mimi nilikuwa pale wakati wa onyo. Nilipiga picha ya kioo, nimeihifadhi.

Hapo sijaona mgogoro wa mwalimu wala fisi wa babu. Naona mtu anayeandika "Alliance walishinda", kisha ushindi wenyewe haufanyi kitu chochote duniani. Msiba wetu unabadilisha ramani. Ushindi wetu haubadilishi hata bendera.

#21 Mwalimu wa Fasihi, Ndanda

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote mpaka sasa. Sina jibu la haraka. Nadhani gemu haiwezi kuondoa mji mkuu wa wachezaji wanaolipa kila mwezi, wataishi wapi? Orgrimmar ina benki yao na soko lao.

#22 Mwana wa Shangani

Darnassus nayo ilikuwa na benki, mwalimu.

#23 Mchinga Mbili

Undercity pia.

#24 Wa Liwale

Nimekuwa nasoma kimya. Mimi nadhani jibu liko kwetu wenyewe. Sisi wa Kusini tuliokua kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 tunajua maisha ya kungoja. Masika ikija, Rufiji imefura, kivuko hakiendi, Lindi na Mtwara tunageuka kisiwa. Mtu aliyelelewa akingoja lori la Dar es Salaam wiki tatu anajua harufu ya kusahauliwa. Akiingia kwenye gemu anainusa upesi kuliko mtu wa Irvine. Sisemi mleta uzi anaota. Nasema pua yake imefunzwa.

#25 Binti Mikindani

Na sisi tuliokua hapahapa tukachagua Horde, pua zetu zimefunzwa wapi?

Mimi nilichagua Horde kwa sababu hiyohiyo unayoisema. Ni watu waliofukuzwa kwao, wakakutana jangwani, wakajenga mji wa miti na ngozi. Nilijiona pale. Ndiyo maana ilinikata maini walipotufanya wachoma miti.

#26 Msimamizi

Wadau, mambo ya daraja na barabara yana jukwaa lake. Endeleeni na gemu.

#27 Binti Mikindani

Naomba nieleze kitu ambacho watu wa Alliance huwa hawajui.

Battle for Azeroth ilinipeleka Zandalar. Tangu mwanzo wa toleo nimemtumikia Rastakhan. Nimembebea ujumbe, nimewapiga wasaliti wake, nimemwona akimpigania binti yake Talanji. Kwa mchezaji wa Troll ule ulikuwa kama kurudi kwa babu, maana makabila yote ya Troll yanaihesabu Zandalar kuwa shina.

Ikaja reidi ya Dazar'alor, Januari 2019. Horde tunaanza kwa kutetea mji. Katikati, hadithi inahamia kwa Alliance, ili tuone walivyoingia. Gemu ikanigeuza sura. Nikatazama kioo, Troll wangu hayupo, nimesimama na mwili wa kabila la Alliance. Na kwa mwili ule nikapigana na Rastakhan mpaka akafa. Mimi. Mfalme wangu.

Nilikuwa nacheza na mdogo wangu pembeni, akaniuliza, dada mbona unampiga babu? Sikuwa na la kumjibu. Tukarudishiwa sura zetu, Talanji analia, na sisi tunapokea vifaa vilivyodondoka kutoka kwa mzee.

Kaka wa Shangani, wewe hukuweza kuwaokoa wote Darnassus. Mimi niliwekewa silaha mkononi nimuue wa kwetu. Yote mawili yaliandikwa na watu walewale.

#28 Mwana wa Shangani

Pole sana dada. Nisikudanganye, tulipita reidi ile tunashangilia. Kuna sehemu na sisi tuligeuzwa Horde, na nilikasirika kwa kuchelewesha tu. Sikuwaza mwenzangu upande wa pili anageuzwa ili amfanye nini.

#29 Wa Liwale

Hii imenisimamisha nywele.

#30 Mchinga Mbili

Turudi karibu na leo. Gilneas ilirudishwa Januari 2024. Wagilneas wamengoja tangu 2010. Siku yenyewe ya kurudi nyumbani, Horde wapo wanasaidia, na adui ni Scarlet Crusade. Mimi kama worgen, Mgilneas, nilitaka siku ile iwe yetu peke yetu. Kama wewe uliyenifukuza ndiye unayenishika mkono kunirudisha, nishukuru au ninyamaze?

Night Elf nao walipata Amirdrassil mwishoni mwa 2023, mti mpya. Mleta uzi hukuutaja huo.

#31 Mwana wa Shangani

Sikuutaja kwa sababu sijui niuweke wapi. Niliupigania, nimeupenda, nina nyumba ya moyo pale. Lakini aliyezaa mtoto mwingine haulizwi tena habari za yule aliyezikwa? Sylvanas alihukumiwa na Tyrande aende akaokoe roho kwenye Maw, kuzimu ya gemu. Adhabu hiyo wengine waliiona ya haki. Mimi niliona anapewa misheni.

#32 Binti Mikindani

#30, umesahau nani aliwaongoza Forsaken siku ile ya Gilneas. Calia Menethil, dada yake Arthas, binti wa mfalme Terenas wa Lordaeron. Binti wa kifalme wa Alliance ya zamani ndiye amesimama mbele ya watu wetu. Sylvanas alipoondoka hawakutafuta Forsaken aliyekufa kwa tauni akafufuka makaburini kama wenzake. Wakatuletea wa damu ya kifalme kutoka upande wenu. Wewe uliona Horde kwenye siku yenu, mimi niliona Alliance kwenye kiti chetu.

#33 Korosho Ghafi

Nimekuwa nasoma tangu jioni, na siku hizi ndiyo najifunza majina haya. Nimeona kitu. Mnapotaja tukio moja, kila mmoja ana orodha yake na zote ni za kweli. Mpira nao uko hivyo. Shabiki wa Simba ana kumbukumbu ya kila penalti waliyonyimwa, wa Yanga naye anayo yake, na hakuna anayekumbuka aliyopewa. Lakini refa wa mpira tunaweza kumrudia kwenye video. Refa wenu ndiye mwandishi, na ndiye anayetengeneza na video.

#34 Fundi Ligula

Korosho Ghafi leo umeongea kitu mpaka nimeacha kuchomelea bodi.

#35 Mwalimu wa Fasihi, Ndanda

Nimewaza swali la #20 usiku kucha. Naongeza moja, halafu nawaachia. Mambo mengi ya Alliance husimuliwa nje ya gemu, kwenye riwaya. Theramore, maumivu ya mtawala wake Jaina, mengi yako vitabuni. Mchezaji wa Mtwara asiyekuwa na kitabu anaona shimo tu, na Jaina aliyerudi na nywele nyeupe na hasira. Huenda hadithi ya wafiwa iliandikwa, ila iliwekwa kwenye rafu ambayo haifiki kwetu.

#36 Mwana wa Shangani

Kama iliandikwa mahali ambapo mlipaji wa kila mwezi haioni, mwalimu, kwangu bado haijaandikwa.

#37 Nangurukuru

Wadau nimepakua! Fundi ahsante kwa diski. Sasa nichague upande gani?

#38 Korosho Ghafi

Hapo umewasha moto mpya.

#39 Babu wa Newala

Chagua unaowaonea huruma. Mjukuu anauliza kama toleo la Midnight, lile la Quel'Thalas, nchi ya Blood Elf, ni la Horde tena, maana Blood Elf ni wao.

#40 Mchinga Mbili

Babu, Quel'Thalas ina watoto pande zote mbili. Alleria ni Alliance na amezaliwa kulekule. Ugomvi utaanza upya tu.

#41 Mwana wa Shangani

Wadau, wiki hii msimu umepoa ghalani, nimepata muda. Nimefungua Tauren, mara yangu ya kwanza kuwa Horde tangu 2010. Dada Binti Mikindani alinielekeza njia ya kushuka Southern Barrens.

Nimefika Taurajo saa saba usiku. Mahema yameungua. Nimewahi kupita pale mara nyingi na Night Elf wangu nikielekea kwingine, nikidhani ni mapambo ya njiani. Safari hii watu wananisemesha, wananiomba niwatafutie waliopotea. Nimekwenda mpaka lango la Mulgore, nikasimama chini yake nikaangalia magogo yalivyopangwa. Ni makubwa kuliko nilivyodhani.

Bado naamini nilichoandika #1. La Orgrimmar hakuna aliyenijibu. Lakini dada, kuna mama mmoja wa Kitauren pale kambini, nimemaliza misheni yake na hajanipa nyingine. Hadithi yake inaendelea mbele, au inaishia palepale?

#42 Binti Mikindani

Inaishia palepale, kaka.